Harrier Mpya: Raha Yake na Hatari Zake

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, leo hatutasema juu ya kofia ya kazi wala juu ya vumbi la shimoni. Tutasema juu ya motokari. Labda utauliza: sababu gani mtu wa dispanseri aseme juu ya motokari? Kazi hiyo si ya mafundi? Ni hivi: mfanyakazi anayetoka shimoni mzima na kuumia njiani ameumia vilevile. Mfupa uliovunjika hauulizi kama ulivunjwa na jiwe au na volani. Tena, mke na watoto wako hawashuki shimoni hata siku moja, lakini katika motokari wanapanda.

Motokari moja inayopendwa sana hapa kwetu, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ni Toyota Harrier. Mtu anaweka feza miaka mingi, halafu anainunua. Majirani wanakuja kuitazama, watoto wanashangilia, na wote wanaiita jeep. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini inafaa mwenye motokari ajue vizuri kitu alichonunua: kimefanywa namna gani, kinafanya nini kizuri, na mahali gani kinaweza kumdanganya.

HARRIER SI LAND CRUISER

Wengi wetu tunaijua Land Cruiser ya kazini. Ile ina shasi ya chuma chini, kama ngazi iliyolazwa, na mwili wa motokari umewekwa juu yake kwa bulongi. Ni nzito, ni ngumu, inarusha watu ndani, lakini imefanywa kwa ajili ya mawe na mashimo.

Harrier ni ya ukoo mwingine. Haina shasi ya namna ile. Sakafu, kuta na paa ni kitu kimoja, kama katika motokari ndogo za mjini. Harrier ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1997, nayo ilijengwa juu ya sakafu ya Toyota Camry, motokari ya chini ya barabara ya lami. Kwa hiyo tunaweza kusema: Harrier ni motokari ya lami iliyovaa nguo za jeep. Ni ya ukubwa wa kati, ina viti vya watu watano, imeinuka kidogo kutoka chini, na shofere anakaa juu na kuona mbali.

Tena jambo hili wengi hawalijui: Harrier nyingi zinasukumwa na magurudumu mawili tu ya mbele. Ziko zenye nguvu katika magurudumu yote manne, lakini usidhani yako ni mojawapo kwa sababu ina sura ya jeep. Uliza fundi atazame chini. Mtu anayeingia matope ya Januari na kuamini magurudumu manne, kumbe ana mawili, atalala njiani.

MAMBO YALIYOGEUZWA

Harrier imegeuzwa mara tatu tangu ile ya kwanza: mwaka 2003, mwaka 2013 na mwaka 2020. Zile mbili za kwanza zilikuwa ndugu wa Lexus RX, iliyouzwa Amerika na Ulaya. Tangu 2013 zimeachana, na Harrier ikawa motokari ya kwao Japani zaidi. Ndiyo sababu volani yake iko upande wa kuume. Juu ya jambo hilo tutarudi.

Ile ya 2020 imejengwa juu ya sakafu mpya, ambayo Toyota iliitumia kwanza kwa Camry ya 2017 na kisha kwa RAV4. Ukiipima na ile ya 2013, paa limeshuka sentimita 3, na nafasi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma imeongezwa sentimita 3. Urefu wake wote ni mita 4 na sentimita 74, upana mita 1 na sentimita 85 hivi, na kimo mita 1 na sentimita 66. Chini yake, kati ya tumbo na barabara, kuna nafasi ya kama sentimita 19. Hata alama ya ndege iliyokuwa mbele imeondolewa, na mahali pake imewekwa alama ya Toyota.

Utasema: sentimita 3 ni kitu gani? Chukua ndoo mbili za maji kichwani, moja ndefu na nyingine fupi na pana. Ipi itakuyumbisha? Motokari iliyo chini zaidi, na yenye magurudumu yaliyoachana zaidi, inashika barabara vizuri katika kona. Hilo ni badiliko la kweli, na shofere analisikia siku ya kwanza.

Kuna mashine mbili zinazouzwa zaidi. Ya kwanza inakunywa esanse tu, lita 2, nguvu ya farasi 171. Ya pili ni ya hibridi: motere ya esanse ya lita 2 na nusu inayosaidiwa na motere ya umeme. Uzito wa motokari unapita kilo 1500 ikiwa tupu, bila watu, bila gunia la makala nyuma.

KUIENDESHA KUNA NAMNA GANI

Tuseme kweli: ni raha. Unafunga mlango, na makelele ya barabara yanabaki nje. Kiti kinakushika mgongo vizuri. Volani ni nyepesi. Sanduku la vitesi linabadilisha lenyewe, pole kwa pole, bila kukurusha mbele na nyuma. Ile ya hibridi inaondoka kwa umeme kimya kabisa, na motere ya esanse inaamka baadaye bila wewe kujua vizuri saa gani. Juu ya mashimo madogo motokari inapita kama mtu anayetembea juu ya mkeka.

Sasa angalia vizuri, ndugu. Raha hiyo ndiyo hatari ya kwanza.

Katika Land Cruiser ya zamani, mwili wako unakuambia mwendo. Kwenye kilometa 80 kwa saa kila kitu kinatetemeka, kioo kinalia, upepo unapiga kelele, na mkono wako unachoka. Unaogopa, unapunguza. Katika Harrier, kwenye kilometa 120 mtoto amelala, radio inaimba, na wewe unaona kama unaenda 70. Masikio yako hayakuambii kitu. Ngozi yako haikuambii kitu. Kwa hiyo inabaki njia moja tu ya kujua: kutazama sindano ya mwendo. Itazame mara nyingi, sababu mwili wako umedanganywa.

Mtu wa shimoni ataelewa hesabu hii upesi. Kugonga kitu kisichosogea, kama mti au loli iliyosimama, ni kama kuanguka kutoka juu:

Kilometa 50 kwa saa: ni kama kuanguka mita 10.
Kilometa 80 kwa saa: ni kama kuanguka mita 25.
Kilometa 100 kwa saa: ni kama kuanguka mita 39.
Kilometa 120 kwa saa: ni kama kuanguka mita 57.

Hakuna kati yetu anayekubali kusimama kwenye ukingo wa shimo la mita 57 bila kamba. Lakini watu wanakaa katika motokari kwenye kilometa 120 bila mkaba, na wanacheka.

Tena, kabla mguu haujafika kwenye freni, macho lazima yaone na kichwa lazima kifikiri. Hiyo inachukua kama sekunde moja. Katika sekunde hiyo, kwenye kilometa 80 motokari imekwenda mita 22. Kwenye 120 imekwenda mita 33, nayo bado haijaanza kusimama. Hata freni zikiwa nzuri na lami ikiwa kavu, kwenye 120 unahitaji karibu mita 100 kusimama kabisa. Urefu huo ni wa kiwanja cha mpira, kutoka goli hata goli.

VOLANI YA KUUME KATIKA BARABARA YA KUUME

Motokari hizi zinatoka Japani kwa meli, nyingi zinashuka Dar es Salaam, zinapita Tunduma na Nakonde, zinakata Zambia, na kuingia kwetu Kasumbalesa. Japani, Tanzania na Zambia, watu wanaendesha upande wa kushoto. Kongo tunaendesha upande wa kuume. Kasumbalesa barabara inageuka upande, lakini volani haigeuki. Kutoka hapo shofere wa Harrier amekaa karibu na mtaro, mbali na katikati ya barabara. Mambo matatu yanatokea.

Jambo la kwanza ni kupita loli. Uko kati ya Likasi na Kolwezi, na mbele yako kuna loli ndefu ya shaba. Mwenye volani ya kushoto anasogea kidogo tu, jicho lake linaona mbele. Wewe wa kuume, kusudi uone, lazima utoe karibu motokari nzima kwenye njia ya wale wanaokuja. Saa unapoona, wewe umekwisha kuonekana na loli nyingine inayokuja mbio.

Ufanye nini? Usikaribie loli. Ukiibandika pua, huoni kitu. Bakia nyuma mbali, mita 50 au zaidi, na hapo utaona barabara pande zote mbili za loli, hasa kwenye kona inayoelekea kuume. Usipite mlimani, usipite katika vumbi, usipite usiku pasipo haja. Na usimwachie mwenzako wa kiti cha kushoto akuamulie. Yeye anaweza kusema «Ngoja!», na neno hilo ulitii mara moja. Lakini akisema «Pita!», usipite mpaka jicho lako mwenyewe limeona. Yeye hajui nguvu ya motere, wala hana mguu kwenye freni.

Jambo la pili ni taa. Taa ndogo za usiku za motokari ya Japani zimefanywa kutupa mwanga chini upande wa kuume, na kuuinua kidogo upande wa kushoto, kusudi zimulike ukingo wa barabara ya kwao. Kwetu, upande wa kushoto ndiko wanakotoka wengine. Kwa hiyo hata ukishusha taa kwa heshima, unamchoma macho mwenzako, naye haoni mtu wa miguu wala baiskeli ya makala. Mpelekee fundi. Pengine taa zinaweza kubadilishwa na zile za barabara ya kuume. Isipowezekana, zishushwe, na wewe upunguze mwendo usiku.

Jambo la tatu ni milango. Ukisimama ukingoni mwa barabara, shofere anashuka upande wa mtaro, salama. Lakini aliyekaa mbele upande wa kushoto anafungua mlango wake katikati ya njia, mahali motokari na pikipiki zinapita. Na mara nyingi huyo ni mama mwenye mtoto mikononi. Fundisha watu wa nyumba yako: watoto wote washuke kwa mlango wa nyuma wa kuume. Kwenye ukingo wa mlango wa nyuma wa kushoto kuna kifungo kidogo cha watoto. Kifunge, na mlango huo hautafunguka kutoka ndani.

Mwenye kutaka motokari hiyo na volani ya kushoto ajue kwamba Toyota iliuza Harrier ya 2020 Marekani na Kanada kwa jina la Venza, miaka ya modeli 2021 hata 2024. Zote ni za hibridi, na zote zina nguvu katika magurudumu manne. Ni ngumu kuzipata kwetu, lakini jina lake ni vizuri kulijua.

MASHINE ZINAZOSAIDIA SHOFERE

Harrier mpya ina vyombo ambavyo baba zetu hawakuviona. Kuna kamera ndogo juu ya kioo cha mbele, na rada nyuma ya alama ya mbele. Pamoja zinatazama barabara. Zikiona unakaribia kugonga, zinalia, na usiposikia zinakanyaga freni zenyewe. Chombo kingine kinakuonya ukiacha mstari wa barabara. Toyota inaita mambo hayo Toyota Safety Sense. Ya 2013 iliyapata vizuri ilipotengenezwa upya mwaka 2017. Katika zile za 2020 za bei kubwa, hata kioo cha kutazama nyuma ni televisheni ndogo inayoonyesha kamera ya nyuma.

Vyombo hivi vimeokoa watu, hatukatai. Lakini vinahitaji kuona. Kamera iliyofunikwa na vumbi jekundu ni kipofu. Rada iliyojaa matope ni kiziwi. Mstari mweupe uliofutika haulindwi na mashine yoyote. Na kama kioo cha mbele kilipasuka, kikawekwa kingine, kamera lazima ipimwe upya na fundi mwenye chombo chake. Bila hivyo inaweza kutazama mahali pasipofaa.

Tena maandishi ya ubao wa mbele mara nyingi ni ya Kijapani, na hata sauti inasema Kijapani. Huhitaji kujifunza lugha hiyo, lakini jua rangi. Alama nyekundu ikiwaka: simama mahali pazuri, tazama. Alama ya manjano: fika polepole, mwite fundi. Alama ya mtu mwenye mpira mbele ya tumbo ni ya mifuko ya hewa. Ukiwasha motokari lazima iwake kidogo, kisha izimike. Ikibaki kuwaka, mfuko unaweza usifunguke siku ya ajali. Na kama haikuwaka hata kidogo, jiulize: nani aliifisha, na sababu gani?

MKABA, MIFUKO YA HEWA NA WATOTO

Mfuko wa hewa unafunguka kwa nguvu kubwa, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Umefanywa kumpokea mtu aliyefunga mkaba. Asiyefunga anauendea vibaya, na unaweza kumwumiza. Kwa hiyo mfuko wa hewa hauchukui nafasi ya mkaba. Shofere akae kifua chake sentimita 25 mbali na katikati ya volani, si karibu zaidi. Mto wa kichwa uinuliwe mpaka juu yake pafike karibu na juu ya kichwa, kusudi shingo isivunjike ukigongwa nyuma.

Mkaba upite juu ya mfupa wa bega na juu ya mifupa ya kiuno, si juu ya tumbo. Mama mwenye mimba afunge vilevile: sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mapaja na kiuno, na sehemu ya juu ipite kati ya matiti na pembeni mwa tumbo. Wengine wanafikiri mkaba utamwumiza mtoto wa tumboni. Sivyo. Kinachomwua mtoto ni mama yake kurushwa.

Na sasa, wamama, neno hili ni lenu. Mtoto wa kilo 10 ukimshika mikononi, na motokari ya kilometa 50 kwa saa ikigonga na kusimama katika nafasi ya nusu ya mita, mtoto huyo anavuta kama mzigo wa kilo 200. Hakuna mkono wa mama, hata wa mama mwenye nguvu na upendo mwingi, unaoweza kushika kilo 200. Atatoka mikononi mwako. Na kama wewe mwenyewe hukufunga mkaba, utamponda kwa uzito wako.

Viti vya nyuma vya Harrier hizi vina vyuma vidogo, katika ufa kati ya mgongo wa kiti na mahali pa kukalia, kwa kufunga kiti cha mtoto. Vitafute kwa vidole. Kiti cha mtoto kina bei, lakini kuna cha mkono wa pili kizuri, ambacho hakijapata ajali. Mtoto mchanga atazame nyuma, na hata siku moja asiwekwe mbele penye mfuko wa hewa. Watoto chini ya miaka 12 wakae nyuma. Viti ni vitano: watu watano, si tisa.

HIBRIDI NA HEWA MBAYA

Katika hibridi kuna umeme wa volti zaidi ya 200. Nyaya zake zina rangi ya machungwa. Fundi wa kartiye asiyejifunza asiziguse, na wewe usizioshe kwa maji ya nguvu. Ikitokea ajali, zima motokari kwa kifungo, ondoa watu kama kuna moto, na waambie wanaokuja kusaidia wasishike nyaya hizo. Aliyeumia shingo au mgongo, kama hakuna moto wala hatari nyingine, msimvute. Mshikeni kichwa kisigeuke, mpaka msaada ufike.

Jambo lingine: hibridi inaweza kuwa kimya na huku haijazimwa. Ukiisahau hivyo katika gareji iliyofungwa, motere ya esanse inaamka yenyewe na kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu waliolala karibu hawataamka. Zima, hakikisha taa za ubao zimekufa, ndipo ushuke. Hata motokari ya esanse tu, usilale ndani yake na motere inatembea mahali pamefungwa.

Na mtoto asiachwe ndani ya motokari iliyofungwa juani, hata dakika chache. Mwezi wa Oktoba, jua la Lubumbashi linaifanya kuwa jiko.

SHOFERE ALIYECHOKA

Mtu aliyetoka posti ya usiku ana macho yaliyofunguka na kichwa kilicholala. Kiti kizuri, baridi ya mashine na ukimya wa Harrier vinamwongoza usingizini upesi kuliko motokari mbovu yenye makelele. Kwenye kilometa 80, kusinzia sekunde tatu tu ni kwenda mita 66 bila shofere. Kufungua radio au kioo hakusaidii. Dawa ya usingizi ni usingizi. Lala kwanza, safari ya Lubumbashi itangoja. Ukisikia kope nzito njiani, simama mahali salama, lala dakika 15 au 20.

Juu ya pombe hatutasema mengi, mnajua. Bia mbili au kikombe cha lutuku vinarefusha ile sekunde moja ya kufikiri. Hakuna rada inayorudisha muda huo.

KABLA YA KUTOA FEZA

Unapokwenda kuichagua motokari, chukua karatasi hii pamoja nawe:

1. Soma tarehe ya mipira ya magurudumu. Ubavuni kuna namba nne: 2318 ni juma la 23 la mwaka 2018. Mpira mzee unapasuka, hata kama meno yake ni marefu.
2. Angalia neno STUDLESS ubavuni. Hiyo ni mipira ya theluji ya Japani, laini sana, na lami yetu ya moto inaimaliza upesi. Ibadilishe.
3. Vuta kila mkaba kwa ghafula. Lazima ushike. Jaribu na ya nyuma, yote mitatu.
4. Tazama alama ya mifuko ya hewa: iwake, kisha izimike.
5. Simamisha motokari mbele ya ukuta usiku, uone taa zinainuka upande gani.
6. Kanyaga freni mahali patupu. Motokari ikivuta upande mmoja, usilipe kwanza.
7. Mwambie fundi atazame chini: magurudumu mangapi yanasukuma, na kama mwili uliwahi kukatwa na kuchomelewa. Motokari isiyo na shasi, ikikatwa na kuchomelewa vibaya, haitawalinda watu wake mara ya pili.
8. Acha akiba ya mipira, freni na kiti cha mtoto. Usimalize feza yote kwa kununua sura.

Wandugu, Harrier mpya ni motokari nzuri. Mafundi wa Japani wameiweka chini zaidi, wameifanya kimya, wameipa macho ya kamera. Lakini hawakuijenga kwa barabara yetu, wala hawajui majina ya watoto wako. Sehemu hiyo ya kazi ni yako, shofere. Leo jioni, kabla ya kula, shuka utazame taa, mipira na mikaba, na mtoto wako akusaidie kuvuta ile ya nyuma. Atakumbuka kuifunga.

Mwendo wa polepole, mkaba kwa wote, macho mbele. Usalama kwanza!